UNAPATA RAHA MAKABURINI? JIULIZE UNAMKIMBIA NANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa la leo ni refu kidogo. Naomba ulisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana katikati kuna maneno yatakayomgusa kila mmoja wetu, na mimi mwenyewe nikiwa wa mwanzo.

Wiki iliyopita kijana mmoja ameniletea ujumbe, na ameniruhusu nijibu hadharani bila kumtaja. Anasema mama yake alifariki miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo kila akizidiwa na mawazo huenda makaburini, akakaa pembeni ya kaburi la mama yake saa nzima au zaidi, na hupata raha ambayo haipati nyumbani wala kazini. Wenzake wameanza kumsema. Mmoja kamwambia ana jini. Mwingine kamwambia anaikaribia shirki. Akaniuliza: "Shehe, hii raha ninayoipata kule ni dhambi?"

Ni swali zuri, na wala si la kijana huyu peke yake. Pita kwenye makaburi ya mjini Ijumaa baada ya Alfajiri, au asubuhi ya Idi watu wakishaswali, utayakuta yamejaa watu. Wapo wanaolia. Lakini wapo wengi, tuseme ukweli, ambao wamekuja kupumzisha roho. Wanatoka pale nyuso zimekunjuka, na wiki ijayo watarudi. Wanapapenda.

KWANZA, TUIWEKE SAWA HUKUMU

Kuzuru makaburi ni sunna. Mtume wetu (s.a.w.) mwanzoni aliwakataza watu, kisha akawaruhusu, na hadithi hiyo ipo katika Sahihi Muslim. Sababu ya ruhusa ni kuwa makaburi yanakumbusha Akhera. Yeye mwenyewe alikuwa akitoka usiku kwenda Baqii, pale Madina, kuwaombea waliolala pale. Akawafundisha Masahaba namna ya kuwatolea salamu watu wa makaburini, kukiri kuwa nasi tutawafuata, na kuwaombea afya kwa Allah sisi na wao. Kwa hiyo wewe unayemkuta Muislamu makaburini ukamrukia na neno shirki kabla hujajua kaja kufanya nini, punguza haraka.

Kwa upande wa kina mama, wanazuoni wamehitilafiana. Wengi katika madhehebu yetu ya Shafii wamesema ni makruhu kwao, kwa kuchelea kukosa subira. Lakini Mtume (s.a.w.) alimpita mwanamke analia kaburini, akamuusia kumcha Allah na kusubiri, wala hakupokewa kuwa alimfukuza. Basi wewe unayewafukuza kina mama kwa fimbo na matusi, umeitoa wapi sunna hiyo?

Na wewe wa upande wa pili, unayekwenda kaburi la fulani kumuomba akupe mtoto, au akuondolee mkosi, nawe nisikilize. Kumuombea maiti na kumuomba maiti, kwa Kiswahili chetu, ni tofauti ya herufi moja tu. Lakini herufi hiyo ndiyo tauhidi yako. Ukiidondosha, umedondosha kila kitu.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Haombi maiti. Anakaa tu, na anapata raha. Raha yenyewe si dhambi. Pale pana kimya, pana kivuli cha miti, pana upepo, hakuna honi ya bodaboda wala mtu wa kukuita kila dakika. Moyo wa binadamu ukipata kimya hutulia. Hilo si jini.

Lakini ndugu yangu, dhambi si suala pekee la kuulizwa. Liko suala jingine zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Raha hiyo inatoka wapi?

PILI, MAITI NI JAMAA MWEPESI

Nitasema ninavyoona, na mwenye kuona vingine anisahihishe kwa hoja.

Wengi wetu tunapenda makaburi kwa sababu maiti ni jamaa mwepesi kuliko wote tulio nao. Hakupigii simu mwisho wa mwezi. Hakuombi hela ya dawa. Hakukumbushi ahadi yako ya mwaka juzi. Hakulalamiki kuwa umechelewa. Ukimwambia, "Nisamehe mama," hanyamazi kwa hasira wala hakwambii, "Nimekusamehe, lakini ulichonifanyia nakikumbuka." Kaburini unasema wewe peke yako, na jibu unajipa mwenyewe. Hivyo unasamehewa kila mara!

Aliye hai je? Aliye hai ana mdomo. Ana maradhi, ana madeni, ana kumbukumbu. Mama aliye hai anarudia hadithi moja mara kumi. Baba aliye hai amekuwa mkali kwa uzee. Shangazi ana maneno. Kaka mna kesi. Kumtembelea aliye hai kunachosha, na mara nyingine kunaumiza.

Ndiyo maana utamkuta mtu kaburi la baba yake analifyeka majani kila wiki, halafu mjane wa baba yake, mama yake wa kambo aliyemlea, hajapelekewa hata kilo moja ya mchele tangu arubaini ilipopita. Utamkuta mtu amelia kaburini mpaka watu wakamhurumia, na simu ya dada yake imeita mara nne mfukoni hajaipokea.

Huyo hakuzuru kaburi. Huyo amekimbilia kaburini. Kuzuru ni kitu kimoja na kujificha ni kitu kingine.

TATU, ZIYARA HAIKUWEKWA ILI UPUMZIKE

Angalia Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Alipolizuru kaburi la mama yake Bi Amina, aliyefariki Abwaa, kati ya Makka na Madina, alilia mpaka waliokuwa pamoja naye wakalia. Huyo ndiye mbora wa viumbe, na mama alifiwa naye akiwa bado mtoto mdogo.

Angalia Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Alikuwa akisimama kaburini hulia mpaka ndevu zikalowa. Akaulizwa kwa nini ikitajwa Pepo na Moto halii hivi, lakini kaburi linamliza. Akajibu kwa aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba kaburi ndicho kituo cha mwanzo cha Akhera. Atakayevuka hapo salama, ya mbele ni mepesi. Asiyevuka, ya mbele ni mazito zaidi.

Basi pima. Wao walikwenda wakatoka na mshtuko. Sisi tunakwenda tunatoka na usingizi mtamu. Wao walijiona wao ndio watakaolala mle. Sisi tunamuona mwingine kalala, nasi tumekaa pembeni tunapunga upepo.

Wala kupenda makaburi bila kuzinduka si jambo geni. Fungua Surat At-Takaathur. Inawakemea watu walioshughulishwa na kushindana kwa wingi mpaka wakayafikia makaburi. Wafasiri wengi wamesema maana yake ni mpaka wakafa. Lakini wapo waliotaja kisa cha koo mbili za Kikureshi, Banu Abdi Manafi na Banu Sahmi, walioshindana nani ana watu wengi. Walipomaliza kuwahesabu walio hai wakaanza kuwahesabu mpaka maiti wao. Hebu wafikirie hao! Hawakulikumbuka kaburi lao wenyewe. Walitafuta wafu wa kuwasaidia kushinda ubishi wa walio hai. Maiti kwao alikuwa mtumishi.

Na sisi leo tunao watumishi hao.

Yupo anayemtumia maiti kwa simu. Mazishi hayajaisha anajirekodi mubashara. Idi anapiga picha na kaburi la bibi yake, anaiweka kwenye stetasi na maneno ya huzuni, kisha anahesabu wangapi wamempa pole. Bibi alipokuwa hai alipigwa picha ngapi?

Yupo anayemtumia maiti kwa vigae. Analijengea kaburi, analipaka rangi, anaweka kibao chenye maandishi ya dhahabu, na huku katazo la kuyapiga chokaa makaburi na kuyajengea lipo wazi katika Sahihi Muslim kwa mapokezi ya Jabir (r.a.). Ukiuliza mirathi imegawiwa, unaambiwa bado kuna mambo ya kifamilia. Marehemu amejengewa nyumba nzuri, na warithi wake wengine wanapanga chumba!

Yupo pia anayependa makaburi ya kale. Anakwenda Kaole kule Bagamoyo, au Tongoni huku kwetu Tanga, anazitazama nguzo za makaburi, anashangaa ufundi wa mawe ya matumbawe, anarudi amefurahi. Sina ugomvi na historia, na wale walikuwa Waislamu wenzetu, wana haki ya salamu na dua zetu. Lakini hata pale jiulize. Wale walikuwa na mali mpaka makaburi yao yakajengwa yakadumu karne na karne. Mali yao iko wapi? Ukitoka pale na picha tu, jiwe limekushinda kwa kuzingatia.

NNE, NA MIMI NILIKUWA MMOJA WAO

Nisije nikaonekana nawasema watu tu. Nitawaeleza yangu, na ndugu zangu wawili wamenipa idhini.

Baba yetu alipofariki, Allah amrehemu, mama alikuwa ameshatangulia. Tulibaki watatu: dada yetu mkubwa, mimi, na mdogo wangu wa kiume. Baba aliacha nyumba ya kawaida na shamba la minazi 60. Mimi na mdogo wangu tukagombana. Yeye alisema shamba kalitunza yeye miaka yote, basi astahiki zaidi. Mimi nilisema gharama za hospitali nimelipa mimi. Maneno yakawa makali, tukaacha kusemezana. Ukapita mwaka, ukapita wa pili. Huyo ndiye imamu wenu! Nilikuwa nasimama kwenye mimbari nasoma hadithi ya kuwa si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, kisha nashuka.

Lakini kila Ijumaa baada ya Alfajiri nilikuwa kaburini kwa baba. Nang'oa majani, namwagilia mrehani, nasoma Yasini, nakaa. Na nilikuwa napata raha, kama ya kijana huyu kabisa. Nilijiona mimi ndiye mtoto mwema.

Ijumaa moja nikakuta pameshafagiliwa na mrehani una maji. Ijumaa ya pili vilevile. Badala ya kufurahi, niliudhika. Nikamuuliza mzee mmoja mchimba makaburi, nani huyu anayekuja hapa? Akaniambia: "Mdogo wako. Huja Alhamisi baada ya Alasiri. Wewe Ijumaa, yeye Alhamisi. Baba mmemgawana vizuri, maalim. Minazi je?"

Wallahi sikuwa na la kujibu.

Nilipokuwa narudi likanijia jambo baya zaidi. Dada yetu hakuwa anakuja kaburini kabisa. Yeye ndiye aliyemlisha baba uji na kumfulia mashuka miezi minane ya mwisho. Na katika ugomvi wetu wote, mimi na mdogo wangu tulikuwa tukibishana minazi 60 igawanywe vipi kwa watu wawili. Fungu la dada hakuna aliyelitaja, na mimi ndiye niliyekuwa nasomesha mirathi madrasa! Surat An-Nisaa nilikuwa nayo kifuani, aya ya 11 naijua kama jina langu.

Jioni ile nilikwenda kwa mdogo wangu. Haikuwa rahisi, na siku ya kwanza hatukuelewana. Tulikwenda mara tatu kwa shehe mmoja mjuzi wa mirathi ndipo tukamaliza. Mafungu matano: mawili yangu, mawili ya mdogo wangu, moja la dada. Minazi 24, minazi 24, minazi 12. Tukahesabu na nazi za miaka miwili tulizokula, dada akalipwa sehemu yake. Tulipompelekea hakushangilia. Alisema tu: "Nilikuwa nangoja mkumbuke wenyewe."

Ijumaa iliyofuata nikaenda kaburini. Raha ile sikuipata. Nililia, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa ziyara yangu ya kwanza kwa baba.

TANO, "SHEHE, MAMA AMESHAKUFA. NIMFANYIE NINI BASI?"

Najua utauliza hivi. Allah na Mtume wake hawakutuacha gizani.

1. Deni lake. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache asiyeacha cha kulilipa, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolibeba deni lile. Wewe umekaa kaburini kwa baba saa nzima. Umeshawahi kukaa dakika kumi na muuza duka aliyekuwa akimkopesha, ukamuuliza?

2. Sadaka yake. Saad bin Ubada (r.a.) mama yake alifariki naye hayupo. Aliporudi alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama sadaka itamfaa, akaambiwa ndiyo. Hapohapo akaitoa bustani yake sadaka kwa ajili ya mama. Bustani nzima! Wewe anza na ndoo ya maji ya kunywa msikitini, au msahafu mmoja wa madrasa.

3. Watu wake. Abdallah bin Umar (r.a.) alikutana na bedui njiani akielekea Makka. Akampa punda aliyekuwa akimpanda, akavua na kilemba chake akampa. Wenzake wakashangaa, hawa mabedui huridhika na kidogo. Akawaeleza kuwa baba wa mtu yule alikuwa rafiki wa baba yake Umar, na kuwa amemsikia Mtume (s.a.w.) akisema katika wema mkubwa kabisa ni mtu kuwaunga wale aliowapenda baba yake. Basi shoga yake mama yako yule wa mtaa wa pili, aliye na presha na hatoki nje, ndiye ziyara yako. Kamuone. Kule utamkuta mama yako zaidi kuliko kwenye udongo.

4. Dua yako. Hii haihitaji nauli. Mtoto mwema anayemuombea mzazi ni katika matatu ambayo thawabu zake hazikatiki mtu akifa.

Ukiyafanya haya, kisha ukaenda kaburini ukakaa, kaa. Pumua. Hakuna wa kukuandama.

Na wapo ndugu nisiotaka kuwabebesha mzigo usio wao. Wapo waliopigwa, waliodhulumiwa, waliofukuzwa na jamaa zao walio hai, na marehemu ndiye pekee aliyewapenda. Wewe sikwambii ukajitupe mikononi mwa aliyekudhuru. Lakini usikubali kuwa maiti awe mtu wako wa pekee duniani. Tafuta aliye hai mmoja mwenye kumcha Allah umfungulie moyo, hata kama ni mimi. Maiti ana haki kwako ya dua, lakini hawezi kukushika mkono.

MWISHO

Kijana wangu uliyeniuliza, jibu lako ni hili. Hapana, raha yako si dhambi, na jini huna. Lakini nilikurudishia suali moja, nami naliuliza hapa mbele ya wote: ukikaa pale kaburini, ni nani aliye hai unayekuwa umemkwepa saa hiyo? Hujanijibu bado. Sikuharakishi. Mimi ilinichukua miaka miwili.

Na wewe unayesoma, fanya hivi. Safari ijayo utakapotoka makaburini, usivuke geti mpaka umetaja moyoni jina la mtu mmoja aliye hai mwenye haki juu yako. Siku hiyohiyo, kabla Magharibi, mwendee au mpigie. Ukikosa la kusema, mwambie umetoka kaburini umemkumbuka. Akikukaripia, vumilia. Akikudai, lipa au ahidi kweli. Hapo utakuwa umezuru.

Kwani iko siku nasi tutafukiwa, watakuja watu watakaa pembeni yetu watapunga upepo. Tutatamani tupate ulimi wa kumwambia mtu mmoja tu neno moja, na ulimi hautakuwepo. Leo upo.

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu waliotangulia, wapanulie makaburi yao na uwasamehe. Tuunganishe na jamaa zetu kabla ya kifo hakijatutenganisha. Tuwezeshe kutoa haki za watu tukiwa na mikono ya kutolea. Utujaalie tuzinduke kabla ya kuzinduliwa. Amin.

Ukiona yana faida, mfikishie mwenzio. Na kabla hujamfikishia, mpigie ndugu yako.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.